Miezi Tuliyotafuta Mashine ya Kukereza

Mutituni, Machakos

Mpendwa mke wangu Mwende,

Mvua imeanza. Najua ungetaka nianze na hilo, maana huku kwetu mtu hasimulii lolote kabla hajasema kama mbingu zimefunguka. Zimefunguka, ila kwa uchoyo. Shamba la jirani upande wa bonde limeota, upande wa mlima bado ni vumbi. Mimi sikupanda kitu msimu huu. Dada yako Syombua aliniletea mbegu za mbaazi, nikamshukuru, na zimekaa kwenye mkebe mpaka sasa.

Tangu nistaafu kazi ya ukalimani pale mahakamani, nimegundua kwamba mchana ni mrefu kuliko nilivyodhani. Zamani nilikuwa narudi nyumbani nimechoka kusema maneno ya watu wengine, ya washtakiwa na mashahidi, Kikamba nikikipeleka kwenye Kiswahili na Kiswahili kwenye Kiingereza, nawe ulikuwa ukiniacha ninywe chai kwanza bila kuniuliza neno. Siku hizi nakunywa chai na hakuna maneno yaliyotangulia, wala yatakayofuata. Ninapika muthokoi, mahindi ya kukoboa na maharagwe, kwa sufuria ileile ya watu wawili kwa sababu sijajua bado kupima ya mtu mmoja, na kesho yake nakula baridi.

Leo nimekaa nikikumbuka ile miezi tulipokuwa tukitafuta mashine ya kukereza. Nataka tuikumbuke pamoja, hata kama mwenye kusema ni mmoja.

Ulikuwa umefundisha ufundi wa vyuma katika shule ile ya wavulana tangu kabla hatujaoana, mwanamke pekee katika karakana iliyojaa vijana warefu kuliko wewe. Kisha somo likaondolewa, karakana ikatiwa kufuli, nawe ukapewa madarasa ya hesabu. Hukulalamika. Lakini niliiona mikono yako. Miaka yote ilikuwa ikirudi nyumbani na harufu ya mafuta ya mashine ambayo sabuni haikuiweza. Sasa ilirudi na weupe wa chaki tu, na jioni ulikuwa ukikaa ukiitazama kama mikono ya mgeni aliyekuja kuazima kitu.

Haukupita muda ukapata uvimbe kwenye titi la kushoto. Tukaenda Nairobi, wakakupasua, tukarudi. Mkono wa upande ule ukavimba ukabaki hivyo, ukawa unauegemeza juu ya mto kama mtoto mchanga. Ilikuwa katika siku zile za kupona, ukiwa umeketi kwenye mkeka nje ya jikoni, uliponiambia kwamba unataka kutengeneza injini ya mvuke.

"Ndogo," ukasema. "Ya kukaa juu ya meza."

Nikakuuliza itafanya kazi gani.

"Itazunguka," ukajibu, na ukaendelea kupepeta mchele kwa mkono mmoja.

Jioni ile ndipo uliponisimulia habari za Konza vizuri, ingawa vipande vyake nilikuwa nimevisikia. Baba yako alikuwa mfanyakazi wa njia ya reli, nawe ulikuwa ukimpelekea chakula kwenye kiondo. Gari la moshi lilipokuwa likisimama kunywa maji, ulikuwa ukisogea karibu kuliko watoto wengine, ukitazama zile fimbo ndefu za chuma zilizounganisha magurudumu. Ulitaka kujua kinachozisukuma. Watu wazima walikwambia ni moto. Hukuridhika, kwa sababu moto ulikuwa nao nyumbani na haukuwahi kusukuma kitu. Baba yako, ambaye hakuwa na elimu ya kukueleza, alikubeba mabegani siku moja akamwomba dereva akuonyeshe, na dereva akakuonyesha jinsi mvuke unavyosukuma. Ukasema tangu siku ile umekuwa ukijua jinsi inavyofanya kazi, lakini kujua na kutengeneza ni mambo mawili.

Injini huwezi kuitengeneza bila mashine ya kukereza, na ile ya shule ilikuwa nyuma ya kufuli. Mimi nilikuwa sijui hata mashine hiyo ni nini hasa. Ukachukua chungwa na kisu ukanionyesha: chungwa linazunguka, kisu kimetulia, ganda linatoka kwa utepe mmoja. Badala ya chungwa weka chuma. Kinachotoka kikiwa mviringo kamili ndicho pistoni, ndicho mhimili, ndicho gurudumu. Ukala lile chungwa.

Hukutaka mashine kubwa. Ulitaka inayoweza kukaa katika chumba cha nyuma, inayotumia stima ya kawaida ya nyumbani, na ambayo gurudumu lake la mkono wa kushoto ni jepesi, kwa sababu ya ule mkono wako. Zaidi ya yote ulitaka mhimili usiotikisika. Ulinifundisha tofauti nikaishika kama kifungu cha sheria: vishikio vya kuzungushia vikiwa na ulegevu kidogo, fundi hujifunza kuuzoea, lakini mhimili ukitikisika, hakuna kitakachotoka humo kikiwa mviringo.

Ya kwanza tulikwenda kuiona Athi River. Kiwanda kimoja kilikuwa kikiuza vifaa vyake, na mlinzi akatupeleka kwenye banda lenye vumbi la saruji ambako lilikuwa limesimama dude la chuma refu kuliko kitanda chetu. Mlinzi alilisifu sana. Ukalizunguka polepole ukaligusa ubavuni kama mtu anayempapasa ng'ombe wa mwenzake, ukamwambia kwamba lingetaka stima ya viwanda na sakafu ya zege. Kisha ukanigeukia.

"Tukilipeleka hili nyumbani, sisi tutalala nje," ukasema.

Ukacheka. Kilikuwa kicheko chako cha kwanza tangu upasuaji, na mlinzi akacheka pia bila kujua kwa nini mimi nilikuwa nimegeuka nikitazama ukuta.

Baada ya hapo daktari akatuita. Ugonjwa ulikuwa umerudi, na safari hii ulikuwa kwenye mapafu. Alisema kwa upole, kwa Kiingereza, nami kwa mazoea ya kazi nikajikuta nimeanza kukutafsiria, hadi uliponigusa goti. Ulikuwa umeelewa. Tulipofika nyumbani ulichosema ni kwamba Jumamosi twende Nairobi, kuna duka linauza mashine ndogo mpya.

Duka lenyewe lilikuwa eneo la viwanda. Mashine ilikuwa juu ya kaunta, imepakwa rangi ya kijani inayong'aa, imetoka ng'ambo ikiwa ndani ya sanduku. Kijana aliyekuwa akiuza alikuwa na adabu. "Madam, hii ni mpya, haina stori," akakwambia. "Unachomeka stima, unaanza kazi." Ukaizungusha kwa mkono. Ukasema mhimili si mbaya. Gurudumu la kushoto lilikuwa gumu kidogo, na kijana akasema litalegea na matumizi, jambo ambalo wewe mwenyewe ulikubali kwamba ni kweli. Ukauliza magiya ya ndani ni ya chuma au plastiki. Ni plastiki. Ukamshukuru, tukatoka.

Mimi niliipenda ile. Sikuwa na sababu ya ufundi. Niliipenda kwa sababu ilikuwa tayari.

Ya tatu haikuwa mbali. Ilikuwa Machakos mjini, nyuma ya duka la Mzee Karim, yule Mhindi aliyezaliwa pale pale akatengeneza saa na cherehani za watu maisha yake yote, na ambaye Kikamba chake kilikuwa kizuri kuliko cha vijana wetu wa siku hizi. Macho yake yalikuwa yamekufa. Alikuwa amekaa kwenye kigoda akisikiliza barabara. Ulipomwambia tulichokuja kutafuta, akainuka akitambaza mkono ukutani, akatupeleka hadi kwenye meza iliyofunikwa shuka kuukuu.

Chini ya shuka kulikuwa na mashine ndogo kuliko zote tulizoziona, na chafu kuliko zote. Kutu ilikuwa imeanza kwenye kishikio kinachobana chuma. Mkanda wake ulikuwa umeoza ukakatika. Giya moja lilikosa jino. Nikafikiri tungemuaga mzee na kwenda zetu, lakini wewe ukavuta kigoda ukaketi.

Kwanza ulishika mhimili kwa mikono miwili ukausukuma juu na chini, macho umeyafumba. Kisha ukapitisha kidole gumba kwenye reli zile mbili ambazo kibebeo cha kisu hutembea juu yake, ukianzia karibu na kichwa cha mashine, upande wa mhimili. Ukanieleza kwamba pale ndipo mashine huzeeka kwanza, kwa kuwa kazi nyingi hufanyiwa pale. Ukakaza kibebeo kikiwa pale pale karibu na kichwa, kikabana sawasawa, halafu ukakizungusha taratibu kwenda mwisho wa reli. Ukanieleza kwamba reli zikiwa zimeliwa karibu na kichwa, kibebeo kitakwama kikifika mbali, maana kule hazijaliwa. Kikaenda. Kikawa kizito kidogo karibu na mwisho, lakini hakikukwama. Na ulikuwa ukikizungusha kwa mkono wa kushoto, ule uliovimba, bila kukunja uso.

Mzee Karim alikuwa amesimama ameinamisha kichwa, akisikiliza.

"Mwaitu," akakwambia, akikuita mama kwa Kikamba, "watu wa vyuma chakavu wamekuja hapa mara nyingi. Hakuna aliyeizungusha namna hiyo."

Ukamwuliza kwa nini hakuwauzia. Akasema walitaka kuipima kwa kilo.

Tukamwomba muda, tukavuka barabara tukaingia kwenye hoteli, tukaagiza chai. Najua unayakumbuka mazungumzo yale, lakini nataka kuyaandika, kwa sababu nimeyarudia kichwani mara nyingi na naogopa yatachakaa. Nilikwambia kwamba ile ya Nairobi ingeletwa wiki hiyo hiyo, bei hazikupishana sana, na ungeanza injini mara moja. Hii ya mzee ingechukua miezi kabla haijakata hata msumari. Nikakwambia unajua daktari alisema nini.

"Najua. Nilikuwepo."

Nikakoroga chai yangu.

"Nikichukua ile mpya," ukasema, "nitaanza injini kesho, na kila siku nitakuwa nikijiuliza kama nitaimaliza. Nikichukua hii, nitaamka kesho nikijua ni skrubu gani naifungua. Nataka kitu cha kuamkia, Mutiso."

Nilikuwa nimefanya kazi mahali ambapo watu husema maneno mazito kila siku, na kila neno nililitafutia mwenzake katika lugha nyingine. Hilo sikulitafutia kitu. Nikalipia chai, tukavuka tena barabara.

Walitusaidia vijana wawili kuipakia kwenye pikapu, na Mzee Karim akashika ubavu wa mashine mpaka gari lilipoanza kusogea. Tukaiweka katika kile chumba cha nyuma, tulichokipaka rangi ya maziwa zamani, tulipokuwa bado tunatumaini mtoto. Watoto hatukujaliwa, na chumba kilikuwa kimekuwa cha magunia na baiskeli. Uliamuru magunia yatolewe. Ukasimama katikati ukatazama mwanga unakotoka, ukachagua ukuta wa dirisha.

Kisha ikaja ile miezi. Nasema bila aibu kwamba ndiyo miezi bora ya ndoa yetu, ingawa ilikuwa na hospitali ndani yake. Ulikaa kwenye kiti kirefu ukifungua, mimi nikaosha. Nikaosha kila kipande kwa mafuta ya taa na brashi ya meno, nikakipanga juu ya magazeti kwa mpangilio uliosema wewe, na nikikosea ulikuwa ukirudisha mwenyewe bila kunikaripia. Kwa kujaribu nyuso zilizopaswa kugusana ulipaka rangi ya buluu nyembamba upande mmoja, ukazisugua pamoja, na pale buluu ilipohamia, maana ndipo palipoinuka, ulikwangua kidogo sana, kwa subira ambayo sijaiona kanisani wala mahakamani. Mkono ulipochoka ulinipa kikwanguo nikwangue mimi, nawe ukawa unanielekeza kwa kidole. Giya lenye pengo ulilitengenezea jino jipya kwa tupa. Mkanda tulishonewa na fundi wa viatu sokoni.

Syombua alikuja siku moja akakukuta na grisi mpaka kwenye nyusi. Alikasirika, na hasira yake akanielekezea mimi: kwa nini mgonjwa halali. Ukamwambia utapata muda mrefu wa kulala. Akaangua kilio, nawe ukamkumbatia na nguo yake nzuri ikaharibika mgongoni, alama za vidole vyako zote. Alinieleza juzi kwamba hajaifua nguo ile.

Siku mashine ilipokata kwa mara ya kwanza ulinitaka nisimame nyuma yako. Ulifunga kipande cha shaba kwenye kishikio, ukawasha, ukasogeza kisu kwa mkono wa kulia kiasi ambacho jicho langu halikukiona. Utepe mwembamba wa shaba ukaanza kutoka, ukajikunja, ukaanguka kwenye mapaja yako. Ukazima, ukapima kwa maikromita unene wa kipande mwanzo na mwisho wake, ukanipa nisome mwenyewe. Vipimo vilikuwa sawa.

Injini yenyewe uliijenga kidogo kidogo, na kadiri ilivyokua wewe ulipungua. Silinda, pistoni, fimbo ya kuunganisha. Gurudumu lilimiminwa kwenye kalibu na mafundi wa jua kali, nawe ukalikereza hadi likawaka. Kufikia hapo kikohozi kilikuwa kimekuwa mwenzetu wa tatu. Ulikereza kwa muda mfupi, ukapumzika kwa muda mrefu, na katikati ulinituma nikupigie msasa vitu ambavyo, nadhani, havikuhitaji msasa.

Kisha ile Jumapili baada ya ibada. Miguu ilikuwa imegoma, nikakubeba hadi kwenye kiti cha dirishani. Injini ilikuwa imefungwa kwenye ubao mbele yako, haikuzidi kikombe cha chai kwa ukubwa. Boila ya kuchemshia maji ilikuwa bado mpango kichwani mwako, kwa hiyo mvuke hatukuwa nao. Lakini ukaniambia injini ndogo iliyotengenezwa vizuri haihitaji mvuke kuonyesha kama iko hai. Pumzi ya mtu inatosha. Yako ilikuwa haitoshi hata kumaliza sentensi moja. Ukavuta mpira mwembamba wa vali ya baiskeli, ukauchomeka kwenye tundu la silinda, ukanipa ncha ya pili.

"Puliza," ukasema. "Polepole. Usiilazimishe."

Nikapuliza. Gurudumu likaenda nusu mzunguko, likasita, likarudi. Ukalegeza nati kidogo kwa vidole, ukatia tone la mafuta, ukaniashiria. Nikapuliza tena. Pistoni ikapanda, ikashuka, ikapanda, na gurudumu likashika mwendo, na chumba kikajaa mlio mdogo kama cherehani inayoshona nyumba ya pili.

"Usiache."

Sikuacha. Nilipuliza hadi dirisha likaanza kuwa jeusi kwenye kona za macho yangu. Nilivuta pumzi kwa pua nikapuliza tena, nawe ulikuwa umeinamia ubao, uso wako karibu kabisa na gurudumu, upepo wake ukicheza na nywele chache zilizokuwa zimebaki kwenye paji lako. Nilipoishiwa kabisa, likazunguka lenyewe kidogo, likapunguza, likasimama. Machozi yalikuwa yanakutoka na ulikuwa unacheka, bila sauti, kwa sababu sauti ilitaka hewa. Ukaniambia niifute kwa kitambaa chenye mafuta nisije nikaiacha ikapata kutu.

Ulituacha kabla mahindi ya msimu ule hayajakomaa. Tulikuzika upande wa juu wa shamba. Watu walikuja wengi, hata wanafunzi wako wa zamani, wanaume wenye vipara sasa, na kila mmoja alitaka kunieleza jinsi ulivyompiga kofi la mkononi kwa kusahau miwani ya kukinga macho. Niliwasikiliza wote. Kisha wakaondoka, kama inavyopasa watu waondoke.

Mwaka wa kwanza nilijaribu kuendelea. Nilifikiri nitatengeneza ile boila ili injini yako ionje mvuke mara moja. Nilifunga kipande cha shaba kama ulivyofunga, nikawasha, nikasogeza kisu, na kisu kikazama. Kipande kikachomoka kikapiga ukuta juu ya kichwa changu. Nikasimama pale mashine ikizunguka bure. Nilijua kulikuwa na kosa dogo, pengine kisu kilikuwa chini kidogo ya mahali pake, jambo ambalo ungeliona kutoka mlangoni ukiwa na sufuria mkononi. Hakukuwa na wa kuuliza. Nikazima, nikaifunika, na tangu hapo kazi yangu ikawa kuipaka mafuta kila mvua zinapokaribia.

Hata hivyo kutu hainisikilizi. Mwaka huu niliiona mahali ambapo kitambaa changu hakifiki. Mashine isiyozunguka huzeeka haraka kuliko inayofanya kazi, hilo ulinifundisha wewe. Kwa hiyo Syombua aliponiambia kwamba kuna mtu wa Kithyoko, jina lake Musyoka, anayetengeneza pampu za maji za wakulima kule karibu na Tana na anatafuta mashine ndogo, sikumkatalia kama nilivyowakatalia wengine.

Alikuja wiki iliyopita na mke wake. Yeye alizungumza kidogo. Mke wake ndiye aliyeuliza: inakula stima ya aina gani, unyevu wa kwao hautaiharibu, kwa nini kibebeo kinakuwa kizito kikifika mbali. Swali hilo la mwisho lilinifanya nimtazame vizuri. Nikavuta kigoda nikamweleza. Nikamwonyesha jinsi ya kukaza kibebeo karibu na kichwa na kukipeleka mwisho. Nikawaambia pia aibu ya mashine, ule ulegevu wa kishikio cha kuzungushia cha kulia, na jinsi ya kuuzoea. Nilizungumza kama nilivyozungumza mahakamani, ambako mkalimani husema "mimi" kwa niaba ya mwenye maneno. Nimeikwangua hapa, nilisema. Nimetengeneza jino hili kwa tupa. Hadi Musyoka akaniuliza nilisomea wapi ufundi, na ikanibidi nijisahihishe. Nikamwambia fundi alikuwa mke wangu, na kwamba mimi nilikuwa naosha.

Mama yule akaiona injini kwenye kabati akauliza kama inakwenda pamoja na mashine. Nikasema hapana. Hakusisitiza.

Leo asubuhi wakaja kuichukua. Mvua ilikuwa imenyesha na njia ina utelezi, nikahofia. Waliifunga kwa blanketi mbili na kamba za mkonge, wakaitoa mlangoni polepole, mama akitembea kinyumenyume akielekeza. Nilishika upande mmoja hadi ilipokaa sawa ndani ya pikapu. Huo ndio uamuzi mkubwa wa kwanza nilioufanya katika nyumba hii bila kukuuliza.

Pikapu ikashuka hadi kwenye mikaratusi, ikapinda. Nikafunga lango. Kisha nikageuka nikaanza kutembea kuelekea nyumbani, haraka, karibu nikimbie, kwa sababu nilikuwa na habari nyingi: kwamba waliobeba walikuwa na heshima, kwamba mashine haikugusa mlango popote, kwamba mama yule anajua kuuliza, ungempenda, na kwamba itafanya kazi, Mwende, itakuwa ikizunguka kuanzia kesho. Nikasukuma mlango nikakuita ili nikusimulie.

Nililiita jina lako kwa sauti, kama mtu anayejua atajibiwa. Nikabaki nimesimama sebuleni na matope ya viatu sakafuni, nikisikiliza. Baadaye nikavua viatu, nikatafuta karatasi.

Basi nimekusimulia, mke wangu. Pumzika huko juu, mvua isikusumbue.

Ni mimi mumeo,
Mutiso